Mtu wa Mwezini: Habari za Nikolai Miklouho-Maclay

Wasikilizaji, mkitwaa ramani ya dunia na kuifuata Bahari ya Hindi kuelekea mashariki, mkapita Sumatra, mkapita Java, mtafika katika kisiwa kikubwa sana kilicho kaskazini ya Australia. Kisiwa hicho ndicho New Guinea. Leo nataka kuwaelezeni habari za Mrusi mmoja aliyekwenda kukaa huko mwaka 1871, karibu peke yake, katika pwani ambayo wenyeji wake hawakuwa wamezoeana na mgeni yeyote kutoka Ulaya. Hakwenda kutafuta dhahabu, wala hakutumwa na mfalme wake kutwaa nchi. Alikwenda kuuliza swali moja, nalo ni kama watu wote wa duniani ni wa ukoo mmoja au sivyo.

Swali hili huenda likawashangaza. Lakini kumbukeni kwamba katika siku zile walikuwako wataalamu wengi wa Ulaya na Marekani waliofundisha kwamba mataifa ya watu yametengana kama vile simba alivyotengana na chui, na kwamba watu weusi wa Afrika na wa New Guinea ni hatua ya katikati, chini ya Mzungu na juu ya nyani. Walioandika hivyo wengi hawakupata kukaa hata mwezi mmoja pamoja na watu waliowaandika. Walipima mafuvu yaliyoletwa katika masanduku, wakatoa hukumu.

Nikolai Miklouho-Maclay alizaliwa tarehe 17 Julai 1846 katika kijiji kimoja cha jimbo la Novgorod. Baba yake alikuwa mhandisi wa reli, mmoja wa waliojenga njia ya gari la moshi kutoka St. Petersburg mpaka Moscow. Baba huyo akafa mwaka 1857, mtoto akiwa na miaka kumi na mmoja, na mama akabaki na watoto kadha wa kuwalea kwa fedha kidogo. Nikolai alikuwa mwembamba, mwenye kuugua mara kwa mara, tena mkaidi. Mwaka 1864 alifukuzwa katika Chuo Kikuu cha St. Petersburg kwa kosa la kuvunja kanuni zake, akaenda Ujerumani kusoma. Katika mji wa Jena alijifunza uganga na elimu ya wanyama kwa bwana Ernst Haeckel, mtaalamu mwenye sifa kubwa. Haeckel akampenda, akamchukua kuwa msaidizi wake katika safari ya visiwa vya Canary mwaka 1866, na huko kijana akachunguza sifongo za baharini na ubongo wa papa.

Mwaka 1869 alikwenda Bahari ya Sham peke yake kutafuta viumbe vya majini. Alinyoa kichwa, akavaa mavazi ya Kiarabu, akapita Jidda na Massawa katika vyombo vya mahujaji na wafanya biashara. Joto na homa vilimpiga sana, lakini alirudi mzima. Ndipo alipoona kwamba kuchunguza wanyama peke yake hakumtoshi. Akaiomba Jumuiya ya Jiografia ya Urusi impatie nafasi katika manowari iendayo Bahari ya Pasifiki. Ombi lake likakubaliwa. Manowari Vityaz ikang'oa nanga mwezi Novemba 1870, ikazunguka ncha ya kusini ya Amerika, ikapita kisiwa kwa kisiwa, hata tarehe 20 Septemba 1871 ikaingia katika ghuba ya Astrolabe, pwani ya kaskazini-mashariki ya New Guinea.

Watu wa pwani walipoona chombo kile kikubwa wakakimbilia msituni. Maclay akashuka, akaingia katika kijiji kitupu. Mtu mmoja tu hakukimbia mbali, jina lake Tui. Maclay akamfuata, akampa kitambaa chekundu, akamshika mkono, akarudi naye kijijini kwake. Mambo yakaanza kutengenea, wenyeji wakaleta nazi na nguruwe. Bahati mbaya, siku moja ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa kwa mwana mmoja wa jamaa ya mfalme wa Urusi, na kwa desturi ya manowari mizinga ikapigwa mara ishirini na moja. Fikirini wenyewe hali ya watu wasiopata kusikia hata bunduki! Wengine walianguka chini kwa hofu, wengine wakatoweka.

Mabaharia walimjengea kibanda katika rasi iitwayo Garagasi, upana wake futi 7 na urefu futi 14, kimeezekwa kwa makuti. Wakubwa wa manowari walitega baruti ardhini kukizunguka, ili ailipue akishambuliwa. Naye hakuitumia hata siku moja. Mwisho wa mwezi ule manowari ikaondoka. Maclay akabaki na watumishi wawili waliopatikana Samoa: baharia Mswidi jina lake Olsen, na kijana wa kisiwa cha Niue aliyeitwa Boy. Siku ile ile Tui alikuja, akaeleza kwa ishara kwamba sasa manowari imekwenda, watu wa vijiji vingine watakuja kuvunja kibanda na kuwaua wote.

Siku chache baadaye Maclay aliamua kwenda kijiji cha Gorendu. Alifikiri sana kama achukue bastola. Aliijua nafsi yake. Alijua akichokozwa huenda akapiga risasi, na risasi moja ingeharibu kazi yote. Basi akaiacha nyumbani, akachukua daftari, kalamu ya risasi na chakula kidogo. Alipotokea kijijini alikuta wanaume wamesimama na mikuki na mishale. Mishale miwili ikapita karibu na kichwa chake. Mtu mmoja akachezesha mkuki mbele ya macho yake. Hakuna aliyetabasamu, wala hakuna aliyemkaribisha kuketi. Naye alikuwa amechoka kwa njia na kwa kukosa usingizi usiku uliopita. Akaona mkeka mpya, akauvuta mpaka kivulini, akafungua kamba za viatu vyake ili asione taabu, akajinyosha, akalala.

Si kwamba alijifanya kulala. Alilala usingizi kweli, kwa muda upatao saa mbili. Alifikiri kwamba ikiwa ni kufa, basi kufa umelala ni sawa na kufa umesimama, na kukimbia hakuna faida. Alipoamka aliwakuta watu wameketi kumzunguka, wakitafuna tambuu na kuzungumza kwa sauti ya chini, silaha zimewekwa kando. Akafunga viatu vyake, akawaaga kwa kichwa, akaenda zake. Mimi nimesoma safari nyingi za wapelelezi wa nchi, na katika nyingi humo shujaa hushinda kwa bunduki. Huyu alishinda kwa kupiga usingizi.

Tangu hapo urafiki ukakua polepole. Tui alipoangukiwa na mti akapasuka kichwa, Maclay alikwenda kila siku kumwosha na kumfunga kidonda mpaka akapona. Nyumbani kwake mwenyewe ilikuwa ni hospitali ya wagonjwa watatu: Olsen akilala kwa homa na kunung'unika, Boy akizidi kudhoofika, na bwana akitetemeka kwa malaria, miguu imejaa vidonda, huku anapika maharagwe na kumeza kwinini. Boy alikufa mwezi Desemba 1871. Maclay aliogopa kwamba wenyeji wakijua kifo chake watadhani wageni hawa ni dhaifu. Basi usiku alimfunga mawe, akamzamisha baharini. Na kabla ya hapo alimkata zoloto na ulimi, avihifadhi kwa ajili ya mtaalamu mmoja wa Ujerumani ambaye alikuwa amemwahidi. Jambo hili limeandikwa kwa mkono wake mwenyewe wala hakulificha. Mimi siwezi kulisifu. Kijana yule alikuwa mbali na kwao, na hakuna aliyemwuliza idhini.

Sasa niwaambieni habari za lugha, maana hapa kila mwalimu atacheka. Hapakuwa na mkalimani wala kitabu. Maclay alionyesha kitu kwa kidole, mtu akataja neno, naye akaandika. Siku moja akaonyesha jani. Mtu wa kwanza akampa neno. Mtu wa pili akampa neno jingine kabisa. Wa tatu na wa nne wakatoa mengine. Baadaye sana ndipo alipogundua kwamba mmoja alitaja jina la mti, mwingine alisema "kijani", na mwingine alisema "takataka", kwa kuwa labda jani lile liliokotwa chini. Sasa fikirini taabu ya kuuliza maneno yasiyoweza kuonyeshwa kwa kidole, kama "jema" na "baya". Alichukua miezi kuyapata. Tena kila baada ya mwendo mfupi lugha ilibadilika, hata akihitaji wakalimani wawili kusema na kijiji cha mlimani.

Aliona nini kwa watu hawa? Aliona kwamba hawakuwa na chuma chochote. Mashoka yao yalikuwa ya jiwe lililosuguliwa, visu vyao vya mianzi na mifupa; hata kuwasha moto mpya hawakujua, bali waliutunza mmoja usizimike, na ukizimika waliazima kwa jirani. Lakini kwa mashoka yale ya mawe walikata miti mikubwa, wakachonga mitumbwi na nakshi. Mashamba yao ya viazi vikuu, majimbi na viazi vitamu yalilimwa vizuri na kuzungushiwa ua wa kuzuia nguruwe mwitu. Kisiwa cha Bili-Bili kilifinyanga vyungu na kuvipeleka kwa mitumbwi kuviuza pwani nzima. Aliona watu wapendao watoto wao, wasemao kweli, wakumbukao fadhili. Alipowapa mbegu za mahindi, maboga na matikiti maji, walizipanda.

Aliwapima vichwa na kuchunguza nywele. Vitabu vya Ulaya vilisema kwamba nywele za Wapapua huota kwa mafungu mafungu, si kama za watu wengine, na kwamba hiyo ni alama ya kuwa wao ni jamii nyingine. Maclay akaomba nywele zao, nao wakakataa mpaka naye atoe zake. Wakabadilishana, unywele kwa unywele. Kwa kuwa alikata kwa mkono wa kulia, upande wa kushoto wa kichwa chake ulibaki karibu upara! Naye akaona kwa macho yake kwamba nywele zao huota sawasawa kama za mtu yeyote. Kitu kidogo, lakini hoja kubwa ilianguka kwacho.

Wenyeji walimwita mtu wa mwezini. Moto wake wa fataki za baharini, wenye mwanga wa ajabu usiku, waliudhani umetoka mwezini. Siku nyingine alimimina spiriti katika kisahani, kitu kilichofanana na maji, akakiwasha. Wakaruka nyuma kwa hofu, wakamsihi asije akaichoma bahari. Hakuwaambia kwamba anaweza, wala hakuwaambia kwamba hawezi. Hapo ndipo ninapomwona akitembea juu ya uzi mwembamba. Alijivunia kwamba hajavunja ahadi, hata ikawa methali yao kwamba neno la Maclay ni moja; lakini katika kunyamaza mtu aweza kuacha uongo ukue wenyewe.

Ugumu huo ulimkabili waziwazi katika safari ya pili. Jioni moja, watu wengi wamekusanyika, rafiki yake Saul alimwekea mkono begani akamwuliza: "Maclay, niambie, wewe waweza kufa kama watu wa hapa?" Akisema "hapana", na kesho homa imwue, atakuwa mwongo. Akisema "ndiyo", ulinzi wake wote umekwisha. Akazunguka mara mbili tatu, akatwaa mkuki mzito wenye ncha kali, akampa Saul, akarudi nyuma hatua chache, akavua kofia ili wamwone uso, akasema: "Tazama kama Maclay aweza kufa." Saul hakuinua mkuki. Alipiga kelele ya kukataa, na wengine wakaruka mbele kumkinga Maclay kwa miili yao. Swali hilo halikuulizwa tena.

Safari ya kwanza ilidumu miezi kumi na mitano. Huku Ulaya magazeti yalikwisha kutangaza kwamba amekufa. Manowari Izumrud ilipofika Desemba 1872 kumtafuta, watu wa vijiji walimsihi asiende. Waliahidi kumjengea nyumba katika kila kijiji na kumpa mke amtakaye. Alikwenda, akiahidi kurudi, naye alirudi Juni 1876 akakaa karibu mwaka mmoja na nusu, safari hii karibu na kijiji cha Bongu. Katikati ya safari hizo alizunguka Java, pwani ya kusini-magharibi ya New Guinea ambako kambi yake ilitekwa na wenzake wakauawa, na misitu ya nchi ya Wamalai ambako aliwatafuta wakazi wa asili wa huko. Hayo yangetosha mazungumzo mengine.

Kabla ya kuondoka mwaka 1877 aliita wajumbe wa kila kijiji, wawili wawili, mzee na kijana. Akawaambia kwamba watakuja watu weupe wengine, na si wote watakuwa kama yeye. Wengine watachukua watu kwa nguvu. Akawafundisha kuficha wanawake na watoto chombo kigeni kinapoonekana, na akawapa ishara za kumjua rafiki.

Onyo hilo halikuwa la bure. Katika miaka hiyo marikebu zilikuwa zikizunguka visiwa vya Pasifiki kuchukua vijana, kwa hila au kwa nguvu, wakafanye kazi katika mashamba ya miwa ya Australia na Fiji. Mkataba uliandikwa kwa lugha wasiyoijua, na wengi hawakurudi kwao. Sisi tuliosimuliwa na babu zetu habari za misafara ya Tabora na Ujiji hatuhitaji kuelezwa zaidi. Maclay, ambaye tangu 1878 alikaa Sydney na kujenga huko kituo cha kuchunguza viumbe vya baharini, alimwandikia barua baada ya barua Bwana Arthur Gordon, mjumbe mkuu wa Uingereza katika Pasifiki ya Magharibi, akitaka biashara hiyo ikomeshwe na haki ya wenyeji juu ya ardhi yao itambuliwe. Mwaka 1881, walimu wa misioni, watu wa visiwa, walipouawa katika kijiji cha Kalo, manowari ya Kiingereza ilikuwa tayari kwenda kuadhibu. Maclay alimshawishi komodoo asichome kijiji kizima kwa kosa la wachache, akasafiri pamoja naye. Alikufa mkuu wa kijiji na watu wachache katika mapigano, na kijiji hakikuchomwa.

Mwaka 1883 aliifikia tena pwani yake kwa siku chache tu. Alileta ng'ombe na mbuzi, wanyama ambao watu hawakupata kuwaona. Alikuta rafiki zake wengi wamekufa na nyumba nyingine zimekuwa magofu.

Kisha ikaja Novemba 1884. Bendera ya Ujerumani ikatwekwa New Guinea ya kaskazini-mashariki. Mjerumani aliyechagua mahali, Otto Finsch, alikuwa mtu aliyefahamiana na Maclay huko Sydney. Angalieni tarehe hiyo, kwa maana ni mwezi ule ule ambao Karl Peters alishuka pwani yetu, akapanda Usagara na karatasi zake za mikataba. Mikono ilikuwa mbali, lakini kazi moja. Maclay alimpelekea Bismarck simu, akisema kwamba watu wa Pwani ya Maclay wanakataa kutawaliwa na Ujerumani. Haikusaidia kitu. Neno lake lilikuwa moja, ila halikuwa na jeshi.

Akarudi Urusi na shauri jingine: koloni la Warusi huru katika Pasifiki, wakae na wenyeji kwa amani. Watu kama elfu mbili waliandika kuomba kwenda. Serikali ya mfalme ikaunda halmashauri, nayo ikakataa mwaka 1886. Nami nadhani ilikuwa heri. Yeye aliona amani, lakini ni nani angeahidi kwamba wale elfu mbili wangekuwa wote ni Maclay? Katika mwaka huo huo mwandishi mkuu Leo Tolstoy alimwandikia barua, akimsifu kuwa ndiye wa kwanza kuthibitisha kwa vitendo kwamba mtu ni mtu kila mahali, naye hufikiwa kwa wema na kweli, wala si kwa bunduki na pombe.

Alikuwa amemwoa mwaka 1884 Margaret, binti wa Bwana John Robertson aliyepata kuwa waziri mkuu wa New South Wales, wakazaa wana wawili. Lakini mwili wake ulikwisha. Alikufa St. Petersburg tarehe 14 Aprili 1888, hajatimiza miaka arobaini na miwili, vitabu vyake vya safari havijachapwa. Mkewe aliandikisha juu ya kaburi herufi za kwanza za maneno ya ndoa yao, kwamba hapana kitu kitakachowatenga ila kifo, akarudi Australia na watoto. Fuvu lake Maclay, kwa wosia wake mwenyewe, lilipewa wataalamu, nalo limewekwa katika nyumba ya makumbusho mjini humo. Hapo alilipa deni lake kwa Boy, ikiwa deni la namna hiyo hulipika.

Shajara zake za New Guinea zilichapwa mwaka 1923. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuondolewa nchini kule na Waaustralia, kama walivyoondolewa Tanganyika na Waingereza, na nchi ikawa huru mwaka 1975 kwa jina la Papua New Guinea. Mwaka 1971, miaka mia kamili tangu siku ile ya Vityaz, marikebu ya wataalamu wa Kirusi ilitia nanga mbele ya Bongu. Walikuta wazee wanaoweza kutaja jina la Maclay na habari alizoachiwa babu. Na katika mazungumzo ya kila siku ya kijiji wakasikia maneno waliyoyajua tangu utotoni mwao kule Urusi, yamegeuka kidogo tu katika kinywa cha Kipapua: neno la shoka, neno la mahindi, neno la tikiti maji, na neno la ng'ombe dume.